Upande Usiokuwa na Picha

Picha ya mama niliitoa kwenye sanduku lake bila ya kumuomba. Alikuwa msichana wa miaka ishirini hivi, amesimama studio Wete, miaka michache baada ya Mapinduzi, kavaa gauni la maua na mtandio, anatazama pembeni. Mimi nilikuwa nimejifunza Unguja mjini namna ya kuchapa picha juu ya kitambaa, na maonyesho ya sanaa ya huko yalikuwa yanakaribia. Nikaichapa juu ya kitambaa cha marekani, kubwa kama mlango, nikarudi nayo nyumbani Tibirinzi niishone kwa mkono, kwa mshono ule ule wa viua tunaoshonea kofia: unatoboa kitambaa, unazungusha uzi ukingoni mwa tundu, unahamia tundu jengine.

Kazi haikwenda. Niliitundika ukutani, nikashona viua kando ya uso, nikafumua. Nikashona begani, nikafumua. Yale macho yanayotazama kando yalinitia wasiwasi, kama kwamba kuna mtu kaingia chumbani nami simwoni. Nikawa natoka uani, narudi, nanywa chai nusu kikombe, natoka tena.

Siku ya nne mama aliingia kutafuta mkasi, akajiona ukutani. Hakugomba. Alikaa kitako mkekani, akauliza nani ataitazama. Nikamwambia watu. Akataka kujua watu gani, nami nikaanza kujieleza kwa maneno mengi mpaka akaninyamazisha kwa mkono.

"Unajua pale natazama nini?" akasema. "Dada yangu. Alisimama karibu na mpiga picha, ananichekesha."

Nilijua kuwa mama alikuwa na dada aliyeondoka kwa siri na mumewe kwenda ng'ambo, kama wengi walivyoondoka wakati ule. Sikujua kwamba aliondoka wiki ile ile ya picha, wala kwamba mama alizipata habari hizo kwa jirani. Barua ilikuja moja tu. Alisimulia haya huku akipapasa ukingo wa kitambaa, haniangalii.

Nilimuomba radhi, nikasema nitaikunja, picha yake nitairudisha sandukuni. Akatikisa kichwa.

"Ongeza kitambaa upande huu ninaotazama," akasema. "Mshone na yeye."

Nikaunga kipande cheupe. Mama akachora kwa penseli mwanamke aliyeinamisha kichwa kidogo, bila ya sura, tukakaa sote wawili kumshona kwa uzi mweupe. Alishona haraka kuliko mimi, viua vidogo kama punje za mtama, na kila nilipotaka kufumua alinishika mkono.

Kwenye maonyesho sikuweza kutulia. Watu walisimama mbele ya msichana wa Wete, wakasifu gauni, wakanyoosha simu kumpiga picha. Upande mweupe wakaupita. Mmoja aliniuliza kama nitaumalizia. Nilimjibu kuwa umekwisha, kwa hasira asiyoistahiki. Siku ya pili, kabla maonyesho hayajafungwa, niliishusha kazi yangu, nikaikunja, nikapanda boti ya Mkoani kurudi nyumbani.

Mama alinipokea mzigo mlangoni. Aliitandaza kitandani, akapitisha kiganja juu ya dada yake, tundu baada ya tundu. Karibu na bega kiua kimoja kilikuwa kimeachia. Akaomba sindano.