Mama Maiki hatafsiri maungamo

Saa nane kasorobo mchana, joto la mabati limeshashuka vichwani mwa watu. Mama Maiki anavuta waya wa kipaza sauti, anakigonga kwa ukucha mara tatu, anapuliza, anakaa. Anasimama tena. Anasogeza kiti hatua moja kushoto, anakirudisha pale pale.

"Leo kiti cha mama kina siafu," anasema fundi viatu wa benchi la mbele. Wenzake wanacheka.

"Nyamaza wewe. Viatu vya watu umemwachia nani?" anamjibu bila kugeuka, na kicheko kinamhamia fundi.

Ukumbi huu wa video una viti vya plastiki themanini na viwili, mabenchi matatu, feni moja inayozunguka ikipenda, na televisheni pana ukutani. Filamu zinakuja zikizungumza lugha za mbali. Yeye anapunguza sauti ya filamu, anashika maiki, anasema kwa niaba ya wote: jambazi, polisi, bibi harusi, mtoto anayelilia maziwa. Ana miaka arobaini na minane, na kumi na mmoja kati ya hiyo ameimaliza kwenye kiti hicho.

Leo hatulii kwa sababu mwenye ukumbi amesimama mlangoni, mikono kifuani. Jumatatu alimwambia maneno machache tu: Jumamosi tunaonyesha filamu ile ile, na utasema yote. Ukinyamaza tena, tunaachana. Filamu zilizokwisha kutafsiriwa zinauzwa tele kwenye flashi, hazili, hazichoki, hazina dini.

Filamu yenyewe ni ya ndugu wawili wenye karakana. Kaka mtu anamuua tajiri aliyewadhulumu, na polisi wanamkamata mdogo mtu. Katikati ya filamu, kaka anaingia kanisani, anapiga magoti, anamwungamia padri kila kitu. Ilipoonyeshwa wiki mbili zilizopita, Mama Maiki alifika hapo akafunika maiki kwa kiganja. Dakika nne nzima hakusema neno.

"Mama, sema!" watu walipiga kelele. "Anasema nini huyo?" Mmoja akauliza kama umeme umekatika mdomoni.

Matokeo yake ukumbi mzima ulidhani mdogo mtu ndiye muuaji. Hakimu alipomfunga, walipiga makofi. Mwishoni kaka alipoanguka kwenye uwanja wa gereza akilia, wakaulizana huyu naye analia nini. Viti viwili vilivunjika, na mwenye ukumbi akalazimika kuwaingiza wote bure siku iliyofuata.

Malipo ya Mama Maiki kwa onyesho moja ni sawa na viingilio vitano. Siku ya kawaida yapo maonyesho mawili. Umeme ukikatika katikati halipwi, hata kama ameshaua watu arobaini kwa sauti yake. Wanaokata umeme huo hawajawahi kumwambia mtu pole. Ofisa wa leseni naye huja mara moja kwa mwaka, hukaa kiti cha mbele, husinzia, hupokea chake, huondoka. Kwa viingilio hivyo vitano mama huyu anamlisha mama yake mzazi ambaye macho yamefifia, na anamsomesha binti yake chuo cha ushonaji.

Nyumbani kwake ni vyumba viwili vyenye pazia badala ya mlango. Jana, Ijumaa, mwandishi wa makala haya alimkuta ameinamia televisheni ndogo, daftari gotini, mama yake kitandani nyuma yake.

Kila filamu huitazama mara mbili kabla ya kuipeleka ukumbini. Ukurasa wa kushoto huandika maneno ya kutafsiri. Wa kulia huandika swali moja, lake mwenyewe, alilolipata kwa kuitazama filamu kama Mkatoliki anayesoma masomo ya misa kila Jumapili ya pili.

"Huyu kaua watu thelathini kumlipizia mkewe," alisoma kwenye daftari. "Mkewe angekuwa hai angemfungulia mlango?" Akafunua ukurasa. "Hii ni ya mashetani. Kwa nini padri wa kwenye filamu akiingia tu na msalaba wake, watu wote wanajua huyu anakufa wa kwanza? Nani aliwaambia sala ni kitu cha kushindwa?"

"Anakufa kwa sababu hakula," alisema bibi kutoka kitandani. "Umewahi kumwona padri wa filamu akila? Wetu hapa wanakula."

Filamu ikiisha, Mama Maiki huuliza swali lake, na wanaotaka hubaki dakika kumi kubishana. Hubaki wengi kuliko unavyodhani. Hubaki hasa waliofiwa na wake zao, maana wakirudi nyumbani hawana wa kumsimulia filamu ilikuwaje. Hubaki pia Waislamu, na yeye anasema hao ndio wabishi wake bora.

Lakini kwenye maungamo ana ukuta wake.

Alikuwa na miaka kumi na tisa, mwimbaji wa kwaya, kwenye foleni ya kitubio kabla ya Pasaka. Kiti cha maungamo cha kigango chao kilikuwa cha mbao nyembamba zenye nyufa. Waumini walikuwa wameomba mara nyingi kitengenezwe. Wakubwa wa kamati ya kanisa hilo walikuwa na fedha za kupaka rangi lango, ili askofu akija alione linang'aa. Mbao zikabaki na nyufa zake.

"Nikamsikia mwenzangu wa kwaya. Kila neno," alisema. "Ningeweza kusogea nyuma. Sikusogea. Halafu nikamwambia rafiki yangu mmoja. Mmoja tu, na nikamwapisha."

Wiki mbili baadaye kwaya nzima ilikuwa inajua. Yule mwenzake aliimba Jumapili moja zaidi, peke yake pembeni, kisha akahama mji. Hajaonekana tena.

"Baadaye sana katekista akatufundisha kwamba siri ya maungamo haimfungi padri peke yake. Hata aliyesikia kwa bahati mbaya, naye imemfunga. Nilikaa pale darasani nikatamani sakafu ipasuke."

Kamati ile haikuulizwa kitu. Mwenyekiti wake alizeeka na heshima zake zote.

"Mwanangu," bibi aliingilia, "yule wa kwenye filamu si padri. Kavaa kanzu ya kukodi. Na muuaji yule saa hizi yuko kwake anakunywa chai."

"Najua, mama."

"Basi sema, tule."

Alikwenda hata kwa paroko. Paroko alimwambia filamu si sakramenti, hakuna siri pale, hakuna wa kumlinda. Kisha akaongeza: lakini fuata dhamiri yako. Ndivyo walivyo wakubwa. Uamuzi wanakuachia wewe, na lawama wanakuachia wewe pia.

"Nikamwambia, Baba, hayo yote nayajua. Ulimi wangu ndio haujui," alisema Mama Maiki, akafunga daftari, akalifungua tena.

Ukumbini sasa filamu imeanza, na mtu asiyemjua hawezi kuamini kwamba ni mwanamke yule yule. Sauti inashuka kuwa ya tajiri mnene, inapanda kuwa ya mke wake, inakwaruza kuwa ya kaka mtu. Watu wanamsahau kabisa. Tajiri anapigwa nyundo, muuza mitumba aliye safu ya pili anashika kichwa chake mwenyewe.

Polisi wanamchukua mdogo mtu. Kaka anatembea mvua ikimnyeshea. Mlango wa kanisa unaonekana.

Mama Maiki anasimamisha picha.

"Ndugu zangu," anasema, na sauti hii ni yake mwenyewe. "Mnanijua. Kwenye kiti hiki nimetukana, nimeiba, nimezini, nimeua, yote kwa mdomo huu, kwa sababu ndiyo kazi. Lakini huyu anakwenda kutubu. Zamani nilisikia toba ya mtu nikaitangaza, mtu yule akaharibikiwa. Siwezi kurudia."

"Mama, mimi nimelipa nisikie," anasema fundi viatu. Safari hii hatanii.

"Mwacheni," anasema mzee mmoja wa nyuma. "Siri ya mtu hiyo."

"Siri gani ya televisheni?"

"Kama ingekuwa ya kwako ungetaka isomwe kwa maiki?"

"Mimi sijaua mtu!"

"Kwa hiyo wewe huna dhambi? Njoo ukae huku mbele tukuone."

Ukumbi unalipuka kwa kicheko, na ndani ya kicheko hicho mwenye ukumbi anashuka kati ya viti. Hacheki.

"Mama, tulikubaliana."

"Uliniambia, bosi. Hatukukubaliana."

"Umeyaandika?"

"Nimeyaandika yote. Kuandika nimeandika." Anamnyooshea daftari. "Anayetaka yasemwe, na aseme yeye."

Mwendesha mkokoteni aliyeegemea ukuta anapaza sauti: "Sasa mama, kumpa daftari si ndiyo kusema kwenyewe?"

"Hapo umenishika," anasema. "Hilo nalo nitalijibia." Lakini mkono hauurudishi.

Mwenye ukumbi anachukua daftari, anachukua maiki, anabonyeza picha iendelee. Kaka mtu anapiga magoti. Mwenye ukumbi anaanza kusoma, kidole kikifuata mstari.

"Baba, mi-mimi ndiye niliyemuua. Nilimpiga nyundo. Mara moja, ha-halafu mara ya pili."

"Bosi, soma kama muuaji, si kama karani!" Kicheko tena. Naye anatabasamu, anakohoa, anakaza sauti.

"Walipokuja kumkamata mdogo wangu, nilikuwa nimesimama nje ya karakana. Walimpandisha kwenye gari. Akaniangalia."

Kwenye televisheni midomo ya kaka mtu inaendelea kwenda. Watu wanasubiri. Mwenye ukumbi anarudi nyuma neno moja, kama mtu aliyekosa ngazi gizani. "Akaniangalia," anasema tena. Kidole kimekwama. Feni inasikika. Hakuna anayecheka, hata fundi viatu.

"Akaniangalia. Nami nikatazama viatu vyangu."

Yaliyobaki anayasoma haraka haraka, kwa sauti ya mtu anayetaka kutoka. Padri anainua mkono kwenye picha, na hapo mwenye ukumbi anaweka maiki mezani, na daftari juu yake, anarudi mlangoni. Alichokikumbuka hakukisema. Na katika watu zaidi ya tisini waliokuwamo, hakuna aliyemwuliza. Mkubwa kusoma kwa mdomo wake mwenyewe kile anachowaamuru walio chini yake waseme, hilo halionekani mara nyingi.

Mama Maiki anachukua maiki na kuendelea. Hakimu anatamka miaka ishirini kwa sauti yake. Safari hii hakuna anayepiga makofi.

Filamu inaisha saa kumi na dakika tano. Watu zaidi ya arobaini hawanyanyuki.

"Swali langu ni hili," anasema. "Padri alijua kijana hana hatia. Akanyamaza. Ana kosa?"

"Analo kubwa," anasema muuza mitumba, ambaye ni Mwislamu na hukosa kipindi cha maswali mara chache kuliko Wakatoliki. "Mimi ningekwenda kwa hakimu, ningesema, halafu ningevua ile kanzu nikarudi kuuza nguo."

"Na kesho nani angekuja kukwambia lake?"

"Asije! Kijana katoka jela."

"Na yule wa kesho, aliyekuwa anakuja kusema ameficha mtoto wa watu mahali, akiogopa asije?"

Muuza mitumba anajishika kichwa tena. "Mama, unaniharibia Jumamosi yangu."

"Mimi mwenyewe hapo silali."

Sauti inatoka mlangoni. "Lakini mdogo mtu, alipotoka, alimsamehe kaka yake?"

Vichwa vyote vinageuka. Mwenye ukumbi hajawahi kuuliza swali.

"Filamu haisemi, bosi."

"Wewe umeandikaje?"

"Hapo nimeacha wazi."

Mwenye ukumbi anatikisa kichwa taratibu, kisha anatoka nje kama aliyeitwa, ingawa hakuna aliyemwita. Onyesho la pili lilipaswa kuanza dakika kumi zilizopita.

Watu wakiisha kutoka, Mama Maiki anakunja waya wa maiki, anaukunjua, anaukunja upya. Kazi anayo au hana? "Hajaniambia nirudi, hajaniambia nisirudi," anasema. "Kama angenifukuza ningejua pa kuanzia."

Akifukuzwa, ataomba ukumbi wa kigango, ambao unakaa umefungwa siku sita kwa wiki huku kamati ikijadili nani ashike funguo. Ana hakika watamwambia alete barua. Ameshaanza kuiandika.

Akibaki, ana ombi moja. Pale nje, kwenye ubao wa saa za maonyesho, anataka uongezwe mstari: filamu saa nane, maswali saa kumi. "Watu waje wakijua kwamba hapa ukishatazama, unaulizwa," anasema. "Hata mwenye ukumbi."

Anatazama mlangoni. Watu wa onyesho la pili wameanza kujipanga juani, na mwenye ukumbi bado hajarudi na kitabu cha tiketi. Mama Maiki anasubiri kidogo. Kisha anavuta kiti, anakaa, anagonga maiki kwa ukucha.

"Ingieni tu," anawaambia. "Atatukuta."