Mkono Wangu Mukuju

Asubuhi ile niliamka, nikavaa viatu, nikaondoka. Sikuwa na mpango. Nilikuwa nikiishi kwa dada yangu Busia ya Kenya, nyumba ya maana: umeme, bomba uani, geti la chuma. Shemeji alinikuta getini na mfuko begani.

"Wapi?"

"Uganda."

Akacheka. "Watu wanatoka huko kutafuta maisha huku, wewe unarudi nyuma! Giza likiingia utaligonga geti hili, shemeji."

"Sitaligonga."

Neno hilo ndilo nililovuka nalo mpaka. Kama nisingepata pa kulala kabla ya jioni, ningerudi kula ugali wake na maneno yake, na maneno ndiyo yaliyokuwa mengi. Mimi ni wa mkono wa kushoto tangu tumboni mwa mama. Mwalimu aliuchapa mkono huo mpaka nikaacha shule. Shemeji akaendelea pale mwalimu alipoishia. Mezani kwake nilikula kama mtoto anayefunzwa.

Lori lililobeba mihogo lilinishusha Mukuju, ndani ya Uganda. Sitadanganya: nyaya za umeme zilipita juu ya nyumba bila kushuka, na zahanati ilikuwa na foleni mpaka barabarani. Lakini watu walinisalimu, tena wakangoja nijibu. Kwa shemeji, jirani wa nyuma ya ukuta nilimjua kwa kikohozi tu.

Niliulizia chumba, nikaelekezwa kwa mama mmoja aliyeuza pombe ya wimbi nyuma ya nyumba yake. Wanaume walikizunguka chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu.

"Chumba iko," alisema mama. "Kwanza kaa na watu." Akanipa mrija. Nikaushika.

"Wewe! Toa mkono hiyo!" mwanamume mmoja akafoka. "Kushoto hapana shika mrija!"

Nilihisi chumba kikiniponyoka. Hata hivyo sikuomba radhi.

"Ndio mkono wangu. Nimechapwa kwa sababu yake, wala hakuna aliyewahi kuniambia kosa lake. Niambieni nyinyi."

"Mkenya huyu nauliza kama polisi!" mwingine akasema, wakaangua kicheko.

Mama hakucheka. Alimwaga maji ya moto chunguni kuiongeza pombe, kisha akanijibu. "Chungu ni ya watu wote. Kushoto ni mkono ya adui, mtu nashika hivyo, wengine naogopa kunywa. Hapa, kulia." Akavuta ufunguo kutoka kwenye kanga yake. "Chumba ni yako peke yako. Huko shika na mkono unataka."

Nikauhamisha mrija. Kwa sababu niliyoielewa, nilikubali. Kwa kiboko, sikubali mpaka leo.

Jua lilipotua nilikwenda chumbani. Hakukuwa na taa, na maji yalikuwa kisimani. Kufuli lilikuwa na kutu. Nililifungua kwa mkono wa kushoto.