Sauti ya Sajini Mukendi

Kitwa hakuuliza kamwe wimbo ni wa nani. Ungempelekea kaseti kwenye kibanda chake nyuma ya soko la Kamina, karibu na reli, na kabla hujamaliza salamu angekuwa ameshachomeka ekuteri zake, vile vidude viwili vidogo vya kusikilizia vinavyoingia mpaka ndani ya tundu la sikio. Angefumba macho, akuache umesimama na mkono wako hewani. Baada ya muda ndipo angesema: "Hii balikopia na mashine ya kichwa kichafu. Maracas yote imekufa." Maana yake, vile vibuyu vya kutikisa havisikiki. Ukibisha, shauri yako. Angekurudishia kaseti yako akakupa mgongo.

Tusimseme vibaya, alikuwa na haki ya kuringa. Sisi wengine tulikuwa tunasikiliza kwa bafle, lile spika kubwa la bari, na tukidhani tumesikia. Kitwa alisema kwa bafle wimbo unausikia kama harusi ya jirani, uko ng'ambo ya ukuta. Kwa ekuteri umekaribishwa ndani, umekaa karibu na sufuria. Alikuwa anasikia kidole cha mpiga gitaa kikiteleza juu ya waya. Alikuwa anasikia mwimbaji akivuta pumzi, na huyu wa pili, wa upande wa kushoto, akichelewa kidogo kuitikia. Besi aliitaka iwe kavu, isivimbe. Sauti za juu alizitaka zimetakata lakini zisichome. Kazi yake ilikuwa kunakili kaseti za watu, na mji mzima ulijua kwamba nakala ya Kitwa ni kama kaseti mama iliyoizaa.

Jina lake la ubatizo lilikuwa Amédée, lakini ile ilikuwa miaka ya Zaïre, majina ya kizungu yamepigwa marufuku. Barabarani alikuwa Citoyen Kitwa, yaani Raia Kitwa. Amédée alibaki wa mke wake Marceline, ndani ya nyumba.

Ekuteri zenyewe alipewa na Sajini Mukendi, Mkasai mmoja askari wa Base, ile kambi kubwa ya jeshi, mtu wa mwili mkubwa na sauti ya chini, aliyependa kukaa kibandani siku za Jumapili. Sajini alikuwa amezitoa Kinshasa, akashindwa kuzizoea, akasema zinamtia watu kichwani. Alimwachia Kitwa. Halafu wakubwa wakapeleka askari vitani Tchad, na Sajini akawa mmoja wao.

Wakati huohuo kikohozi kilimwanza Kitwa. Mwanzo alisema ni vumbi la soko. Akakonda. Usiku shuka inalowa. Marceline akawachukua watoto akaenda kwa ndugu zake Kaniama, eti mwaka ule mahindi yanahitaji mikono mingi. Mahindi gani! Kila mtu alijua anakimbia kile kifua, na Kitwa alijua kuliko wote. Hakumlaumu. Alisimama karibu na reli akawapungia mkono mpaka lori likapotea, kisha akaenda zahanati.

Sista wa zahanati alimwambia ukweli: kifua kikuu, lakini kinapona. Sindano kila asubuhi kwa wiki kadhaa, na vidonge kwa miezi mingi. Akaongeza, akimnyooshea kidole: "Sindano hii inaweza kugusa masikio. Yakianza kulia, uje uniambie mara moja. Usingoje." Kitwa akaitikia ndiyo sista, ndiyo sista, kama tunavyoitikia sisi sote mbele ya koti jeupe.

Sasa, hapa kwetu nani hajui mambo haya? Kidonge ni cha kumnyamazisha mtoto. Dawa ni sindano. Na kama sindano moja inaponya, mbili zinaponya haraka. Kwa hiyo Kitwa alipotoka kwa sista asubuhi, jioni alikuwa anapanda njia ya Base mpaka kwa Tshimanga, mganga wa jeshi aliyestaafu, aliyekuwa anachoma watu sindano barazani kwake. Dawa ileile, chupa ileile, iliyotoka kwa njia anazozijua Tshimanga mwenyewe. Tako la kushoto la sista, tako la kulia la Tshimanga, na hakuna aliyejua habari za mwenzake. Kitwa alitaka Marceline arudi kabla mahindi hayajavunwa.

Ilikuwa siku hizo za mwanzo za sindano ndipo Mama Bolingo alipokuja.

Mama Bolingo alikuwa mke wa Sajini, mwanamke wa kutoka mkoa wa Équateur, mwenye Kiswahili kilichochanganyika na Lingala ya kambini. Kichwa alikuwa amekinyoa. Kitwa akaelewa kabla hajaambiwa. Sajini amekufa huko Tchad, lori limepinduka, amezikwa hukohuko mchangani. Kilichorudi ni mkanda wake, viatu, na kaseti moja.

Wale askari wengi hawakuandika barua. Walichukua kaseti yoyote ya dansi, wakaziba kwa karatasi vile vishimo viwili vya juu ili mashine ikubali kurekodi, wakasema maneno yao juu ya wimbo, wakampa mwenzao anayerudi. Mama Bolingo aliiweka mezani kama yai.

"Papa Kitwa, bashemeki beko nakuya," alisema. Ndugu za mumewe wanakuja. "Batu ya Kasai. Batabeba bintu yote, unajua desturi. Redio batabeba. Na kaseti pia, juu ya mama yake, anataka kusikia mutoto wake. Ni haki yake, sikatale. Lakini minyi nitabakia na nini?"

Alitaka nakala. Hilo tu. Kaseti yenyewe iende kwa mama mtu, nakala ibaki kwake.

Umeme wa mjini ulikuwa umekatika, na kunakili kunataka mashine mbili. Lakini Kitwa alikuwa na kile kiredio kaseti kidogo cha betri. Akatia kaseti. Akachomeka ekuteri moja sikioni mwake, ya pili akampa Mama Bolingo, wakainamiana vichwa juu ya meza, maana waya ni mfupi.

Kwanza upepo, upepo unaopiga kipaza sauti kwa vishindo. Halafu kijiko ndani ya kikombe cha bati. Halafu Sajini akacheka kidogo kabla ya kusema, kicheko cha puani, cha mtu anayeona haya kuongea na mashine.

"Bolingo. Njo minyi. Niko muzima. Huku ni muchanga, muchanga tu, hata ndani ya mukate. Ile bati ya jikoni inavuja, usinigojee, itisha mutu. Ule mbuzi mweusi musimuchinje, ule ni wa Noël. Batoto balale mapema. Bon." Akameza mate. "Bon. Basi."

Kitwa alisikia yote, tangu lile njo minyi, ndiyo mimi. Alisikia ulimi ukibanduka kwenye kaakaa, alisikia ndevu zikikwaruza kipaza sauti. Alisikia kwamba mtu huyu alikuwa amekaa chini, na kwamba baada ya "basi" hakuzima mara moja, alibaki akipumua. Mama Bolingo alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

"Kwa redio yangu eko kama mutu ya kusoma habari," alisema baadaye. Akajigusa shingo. "Hapa eko pa shingo. Eko napumua."

Kitwa akamwambia aiache, umeme ukirudi atamtengenezea nakala ambayo hata mama mzazi hataitofautisha. Alisema hivyo na alikuwa anamaanisha.

Umeme haukurudi upesi. Wiki zikapita. Kikohozi, lazima tukiri, kilipungua. Mwili ukarudi, mashavu yakajaa. Kitwa akaanza kuimba njiani. Lakini nyenje wa jioni waliacha kulia. Aliliona jambo hilo la ajabu, akasema mwaka huu nyenje ni wachache. Halafu maracas zikafa kwenye kaseti zake mwenyewe. Halafu sembal, zile sahani za shaba za mpiga ngoma. Halafu waimbaji wa kike wakaanza kuimba kama wana kitambaa mdomoni.

Akazikasirikia ekuteri. Akazisafisha kwa njiti ya kiberiti na pamba iliyolowa manukato. Akaanika betri juu ya bati zipate jua, kama tunavyofanya sote, zirudi na nguvu. Akakata waya akaunga upya. Siku moja akamchomekea Mwamba, mfanyakazi wa reli aliyekuwa anapita, amsikilizie. Mwamba akatikisa kichwa kwa raha. "Iko bien, Citoyen," alisema kwa nguvu, na Kitwa akamsoma midomo. "Inalia muzuri sana."

Kitwa akaamua kwamba mtu wa reli hajui kitu.

Kisha mlio ukaanza, mwembamba, kama birika linalokaribia kuchemka, mchana na usiku. Sasa akamkumbuka sista na kidole chake. Alimkumbuka vizuri tu, asitudanganye mtu. Lakini angesema, wangemkatia sindano, wamwachie vidonge vya watoto, na Marceline abaki Kaniama. Basi asubuhi akiulizwa na sista kama yuko salama, anajibu salama. Jioni anapanda kwa Tshimanga. Alianza kuyumba akitembea, na watu wa soko wakasema maskini, amepona kifua, sasa ni pombe.

Umeme ulirudi mchana mmoja, na mchana huohuo Mama Bolingo akaja mbio, kitenge kinamvuka. Kitwa aliuona mdomo wake ukitamka *kesho* na *train*. Mashemeji wanafika. Akamwonyesha kiti. Akajikaza.

Mtu aliyenakili kaseti miaka yote ile ana taratibu zake. Kaseti mama unaing'oa kwanza ile karatasi ya juu, ili hata ukikosea mashine isikubali kufuta. Kitwa hakuing'oa. Aliinama, dunia ikazunguka, akashika meza, na alipoinuka lile jambo lilikuwa limemtoka. Mashine zenyewe alikuwa amezibadilisha nafasi wakati wa kuzisafisha, ya kurekodi imekaa mahali pa ile ya kuchezea. Zamani isingekuwa kitu: ungebonyeza, ungesikia, ungejua mara moja ipi inasema. Sasa alibonyeza kwa mazoea ya vidole. Kaseti tupu ikaanza kucheza utupu wake. Kaseti ya Sajini ikaanza kuupokea.

Mama Bolingo hakusikia chochote, lakini hakushangaa, kwani Kitwa alifanya kazi daima bila bafle, kwa ekuteri tu. Alimtazama usoni. Uso wa Kitwa ulikuwa umetulia. Ndani ya masikio yake birika lilikuwa linalia, na chini ya birika, naapa, alimsikia Sajini: kijiko, kicheko, mchanga ndani ya mkate. Neno kwa neno. Alikuwa amelishika kichwani tangu siku ile, na sasa lilikuja lenyewe. Akatabasamu. Akampa mama wa watu kaseti mbili zilizofungwa kwa karatasi safi.

Mashemeji walifika. Walikaa uani kwenye kilio, wakaiweka redio katikati, watu wa kambi wakanyamaza, na kaka mkubwa wa marehemu akabonyeza. Kaseti ikazunguka. Hewa tu. Wakaigeuza. Wimbo wa dansi tu. Kaka mkubwa akasema mwanamke huyu ameifuta sauti ya mtoto wetu ili mama yetu asiisikie, amwonaje mama yetu? Wakabeba redio, vitanda, sufuria, wakamvua hata saa ya mkononi. Mbuzi mweusi wa Krismasi wakamfunga kamba. Kaseti wakamtupia miguuni, ya kazi gani.

Alikuja kibandani kesho yake, bado ana vumbi la uani miguuni. Aliziweka zote mbili mezani. Alisema maneno mengi, na Kitwa hakupata hata moja, mdomo wake ulikuwa unatetemeka mno kusomeka. Kitwa akatia ya kwanza, akachomeka ekuteri, akasikiliza, akainua kidole kumwonyesha: mbona yumo! Mama Bolingo akanyoosha mkono, akamtoa ekuteri, akajitia mwenyewe.

Kitwa akabaki kumwangalia. Hakuwa na njia nyingine ya kujua. Aliungoja uso ule ubadilike, kama ulivyobadilika siku ile walipoinamiana, mkono uende mdomoni. Haukubadilika. Akaongeza sauti mpaka mwisho. Akatia kaseti ya pili. Uso ukabaki vilevile. Nyuma ya kibanda gari la moshi la Kasai lilikuwa linapita, aliona vumbi likicheza mezani, na hakusikia gari la moshi.

Hapo ndipo alipojua, yote kwa pamoja, masikio na kaseti. Akakaa chini. Akasema, na hakujua amesema kwa sauti gani: "Nimemwua mara ya pili."

Mama Bolingo alilia, tena kwa muda mrefu. Angeweza kumtukana, na sisi tungekuwa upande wake. Alipomaliza akazifuta ekuteri kwa pindo la kitenge, polepole, kwanza moja kisha nyingine, akainama akamchomeka Kitwa masikioni, kwa mikono yake. Akamshika kidevu amtazame. Safari hii alitamka neno mojamoja.

"Weye ulimusikia. Sema."

Kitwa akafumba macho. Akacheka kidogo puani. "Bolingo," alisema. "Njo minyi."

Alikuwa anapiga kelele. Soko zima liligeuka kutazama. Alihisi mkono begani, akafumbua macho, akamwona Mama Bolingo akishusha kiganja chini, chini zaidi, kama mtu anayepunguza utambi wa taa. Sajini hakuwa mtu wa kupaza sauti. Kitwa akashusha. Kiganja kikashuka tena, naye akashusha tena, mpaka Mama Bolingo akafumba macho na kuegemeza kichwa karibu na mdomo wake.

Kitwa hakujua tena kama anatoa sauti au anachezesha midomo tu. Akaendelea mpaka pale kwa mbuzi mweusi, asichinjwe.