Kisima cha Mama Kanku

Mama Kanku hakuvumilia kusikia mtoto akiomba maji mara ya pili. Alikuwa binti mdogo mwaka ule Wakasai, watu wa kabila lao waliotoka Kasai, walipofukuzwa Katanga. Vyombo vyao vilitupwa nje, na familia nzima ikalala stesheni ya Kolwezi ikingoja treni isiyofika. Mdogo wake alikufa palepale kwa kuhara, midomo imemkauka.

Alirudi kutoka Kasai akiwa mtu mzima, ameolewa na Kalombo, fundi wa pikipiki. Kolwezi ndiko alikozaliwa, angekwenda wapi? Walipata kiwanja upande wa Mutoshi, naye akawa anauza makala ya kupikia yanayotoka Mutshatsha.

Mtaa ulikuwa wa watu wa shida. Zamani mvua zilianza Oktoba. Miaka ile Noeli ilikaribia mbingu zikiwa bado nyeupe, na mvua ikija, inakuja kwa hasira na kubomoa kuta. Kijito kilibaki matope. Watoto walikwenda mbali na bidon, madumu ya maji, vichwani, wakarudi wanatapika kwa jua. Wengi waliacha shule.

"Tutafute mapipa, tukinge maji ya mvua ku mabati," alisema jirani yake, Mama Blandine.

"Mvua gani, Blandine? Hii yenye kuchelewa? Batoto banakunywa matope leo. Tuchimbe kisima, mu parcelle yangu, hapa kwangu."

Kazi ilishikwa na Mukalay, mchimbaji mgane aliyekuwa hana kazi, baba yake Tina, msichana wa jirani. Akina mama walivuta udongo kwa kamba. Karibu na maji, Mukalay alipandisha ndoo ya mawe meusi, mazito kuliko ukubwa wake. Akayageuzageuza mkononi.

"Mama Kanku, unajua bitu hibi ni nini?"

"Najua, ni kobalti. Fukia, tata. Siye tunatafuta maji tu."

Akafukia. Maji yakatoka, meupe na baridi. Msimu ule watoto walinawa pale kabla ya kwenda shule, wakamwagilia mboga za lengalenga nyuma ya nyumba, na Tina alipenda kuvuta kamba mpaka Mama Kanku mwenyewe anamfukuza kwa kicheko. Kuhara kulipungua. Mama Kanku alilala usingizi ambao hakuwa ameulala tangu stesheni.

Lakini jiwe moja Mukalay alikuwa amelitia mfukoni. Alilipeleka kwa wanunuzi, na habari haikukaa. Muda si mrefu watu walikuwa wanachimba uani, jikoni, hata chini ya vitanda. Mama Kanku alimwendea Mukalay kwa ukali.

"Tata, ulinipa neno lako!"

"Nilikupa, mama. Lakini maji haishibishe. Nitawapa batoto nini ku sahani?"

Mama Kanku akageuka, akaondoka. Alijua ndani ya nyumba ile chungu kilikuwa hakipandi motoni kila siku. Mashimo yakashuka chini kuliko kisima, na maji yakayakimbilia. Asubuhi moja ndoo ya Tina ikagonga mwamba mkavu.

Mwaka uliofuata mvua ilichelewa tena, kisha ikamwagika usiku na mchana. Ardhi iliyotobolewa ikalainika. Shimo la Mukalay liliporomoka yeye akiwa chini. Walichimba kwa majembe na mikono mpaka wakachoka, wakamtoa amekwisha.

Baada ya msiba walikuja watu wa serikali wakiwa na rangi nyekundu, wakapiga misalaba kwenye kuta. Mtaa umekabidhiwa kampuni ya madini. Kila mtu ahame. Mama Kanku alikunja nguo zake bila kupiga kelele. Alijua namna ya kukunja haraka.

"Ningelikusikiliza," alimwambia Blandine juu ya lori. "Mapipa na mabati. Tungelikuwa nyumbani."

"Mvua ingekataa kuja, ungefanya nini? Ungeacha batoto bafe na kiu?"

"Sijui. Lakini Mukalay angelikuwa hai."

Blandine alimshika mkono.

Waliteremshwa mahali pa wazi kwenye barabara ya Mutshatsha, pasipo mti wala bomba. Mama Kanku alimchukua Tina na kaka yake wakae kwake. Haukupita muda akina mama wakamjia: tuchimbe kisima, wewe ndiye unajua.

"Mi siwezi, bamama. Munisamehe. Mutafute mwingine."

Walimbembeleza, wengine wakanung'unika kwamba moyo wake umekuwa mgumu. Hakujitetea. Blandine akaanza kukusanya mabati ya zamani kwa ajili ya kukinga mvua, kama ingekuja. Kisima hakikuchimbwa mwaka ule.

Basi kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, Mama Kanku hufunga kitenge, hujitwisha bidon kubwa na kwenda mtoni pamoja na watoto. Njiani huwapokea walio wadogo mizigo yao kwa zamu. Magoti yanamuuma. Tina humwambia apumzike, abaki na makala yake. Yeye hutikisa kichwa tu na kuendelea kutembea mbele yao.