Mluzi wa Kunyweshea

Mimi si mwanamke wa kuogopa mnyama. Nilizaliwa Susuni, kijiji cha Wakurya, nikachunga ng'ombe wa baba kabla sijajua kushika kalamu, maana nyumba yetu ilijaliwa wasichana watupu. Kwa hiyo nilipopata kazi ya kutunza farasi katika kambi ya wageni huku Serengeti, sikubabaika. Nilijiambia farasi ni ng'ombe asiye na pembe, basi. Ujuaji wangu huo ulinigharimu.

Nilikabidhiwa farasi jike wa rangi ya kahawia, nami nikawa namwita mwali. Tulielewana vizuri mpaka siku ile kwenye kivuko cha mto. Nilikuwa juu yake, maji yanamfika magotini, mara kiboko akaibuka kando yetu akikoroma. Mwali akasimama kwa miguu ya nyuma, na mimi huyo, chini kwenye mawe! Nikavunjika mfupa wa bega.

Niliporudi kazini bega lilikuwa limepona, lakini mwali hakuwa yule. Ukitikisa gunia, anaruka. Ukimwelekeza mtoni, anatoka jasho na kugoma. Na mimi, niseme kweli, nikiona tandiko tu nageuza njia.

Bosi wetu ni mama wa maneno machache. Aliniita akaniambia, "Njia zote za wageni zinavuka mto. Farasi asiyevuka sina kazi naye. Mvua zikikatika, lori linakuja kumchukua."

Iliniuma, wee! Kosa la kiboko, auzwe mwali wangu?

Nikaanza kwa akili za nyumbani. Kwetu ng'ombe wa plau anayefundishwa huwa na mtu wa kumtangulia: unaweka kamba begani, unampa mgongo, unavuta. Nilimvuta mwali hivyohivyo kuelekea mtoni. Nikivuta mbele, naye anavuta nyuma, mpaka nikaanguka nikakalia matope. Mwenzangu wa zizini, Mwikoma mmoja, mwenyeji wa huku, mwenye mdomo, alicheka mpaka akashika nguzo.

"Mura," aliniita. Ndivyo Wakurya tunavyomwita kijana wa kiume, na yeye alinibandika jina hilo kwa ajili ya mwendo wangu wa kichungaji. "Mura, unataka akulimie shamba? Huo mgongo wako haumwambii kitu. Nenda naye bega kwa bega."

Niliudhika, lakini alikuwa amesema la kweli. Nikaanza upya, tandiko nikaliacha limening'inia ukutani. Asubuhi tulitembea uani, bega langu kwenye bega lake. Nikisimama, asimame. Nikirudi nyuma, arudi. Akikosea simchapi wala simfokei, nangoja, na mimi kungoja ni kazi ngumu kuliko kulima. Gunia nilimwonyesha kwanza likiwa limelala chini, baadaye mkononi, baadaye nikamsugua nalo shingoni hadi akawa anasinzia.

Siku niliyompanda tena hatukwenda popote. Nilikaa juu, nikampapasa, nikashuka. Kesho yake tukazunguka ua. Halafu tukatoka getini, pole pole, hatamu imelegea, na pikipiki zikipita anageuza sikio tu. Nikarudi kuwa mimi. Mwikoma akaanza kuniamkia, "Shikamoo, mwenye farasi," kwa utani, nami naitikia marahaba bila haya.

Ukabaki mto.

Jioni moja nilimshusha huko kwa miguu, sisi wawili tu. Tulifika ukingoni akaanza kutetemeka. Midomo yangu ikapiga mluzi kabla sijaamua.

Ulikuwa mluzi wa baba wa kunyweshea. Kwetu, ng'ombe akiwa kwenye maji hachapwi wala hapigiwi kelele. Mchungaji anapiga mluzi wa chini, mrefu, na hauachi mpaka ng'ombe wa mwisho ainue kichwa, hata yeye mwenyewe akiitwa na mkubwa wake. "Anayenywesha hakatizwi," alikuwa akisema baba. Ila mwanamke kupiga mluzi ni aibu. Mama alikuwa akinifinya kwa ajili hiyo, na baba aliniruhusu mtoni tu, kwa kuwa hakuwa na mwana wa kiume wa kumwachia kazi.

Masikio ya mwali yakanigeukia. Akashusha kichwa, akapumua kwa nguvu, akatia kwato za mbele majini. Nikageuka haraka kuangalia kama kuna mtu ameniona.

Lori likaja, na mvua zenyewe zilikuwa hazijakatika vizuri. Nikamwomba bosi aje kivukoni kwanza, na akaja na dereva, na yule Mwikoma nyuma yao. Nilikuwa juu ya mwali. Alipofika ukingoni akasimama, jasho likamtoka shingoni. Mdomo wangu ulikauka. Kumpiga mateke nisingeweza, na kupiga mluzi mbele ya wanaume wazima, mimi mama wa watoto! Nikawaza: aibu gani itazidi kumwona huyu akipandishwa lori? Nikalamba midomo, nikapiga.

"Ala!" nilimsikia dereva. "Mwanamke anapiga mluzi?"

"Nyamaza wewe," akajibiwa na Mwikoma.

Mwali akaingia. Maji yakafika kwenye kwato, yakafika magotini. Pale pale alipotuibukia kiboko akasimama, nikadhani mambo yameharibika. Nikamlegezea hatamu yote. Akainama, akaanza kunywa.

Bosi akaita kutoka ukingoni, "Nimwambie dereva aende zake?"

Nilimsikia vizuri sana. Ni mkubwa wangu, namheshimu, na mshahara wake ndio unaosomesha wanangu. Lakini mwali alikuwa bado hajainua kichwa, na mimi sikuacha mluzi.