Plagi Iliyorudishwa Ukutani

Watoto wa jirani walimpachika jina la Bi Swichi, na hakuwa na la kuwashtaki. Kabla ya kutoka nyumbani, hata akiwa anakwenda hapo dukani tu, alipiga doria. Alianzia jikoni, akapita sebuleni, akamalizia vyumbani, anachomoa kila plagi anayoikuta: ya redio, ya feni, ya chaja isiyo hata na simu. Kuzima swichi hakukumtosha. Swichi, alisema, inaweza kukudanganya. Waya uliolala sakafuni haudanganyi mtu. Alikuwa na miaka sitini na minane na magoti yalimsumbua kila asubuhi, lakini ikifika doria yalipona.

Binti yake, mwalimu wa wakunga na ndiye mwenye nyumba, alivumilia mengi mpaka siku ya nyama. Mama alichomoa friji akaenda kumuuguza shoga yake siku mbili, binti naye alikuwa safarini. Waliporudi, harufu ilikuwa imeshabisha hodi kwa majirani. Binti hakupiga kelele, na heri angepiga. Alikaa mezani akasema taratibu, "Mama, ikitokea tena hivi, itabidi ukakae kwa kaka. Siwezi kufanya kazi huku nachunga plagi."

Kwa mwanawe wa kiume hakukosekana kitu isipokuwa kazi ya kufanya. Mkwe wake alikuwa mwema wa kupindukia. "Pumzika, mama," asubuhi. "Pumzika, mama," jioni. Aliwahi kukaa huko mwezi mmoja akajiona kama kiti cha wageni, kinafutwa vumbi na kuachwa. Kwa hiyo friji ilipata msamaha wa kudumu. Vitu vingine aliendelea kuvichomoa, ila alihakikisha amevichomeka tena kabla binti hajarudi.

Jumamosi moja binti aliamkia kwenye laptopu yake. Ilikuwa kuukuu, imeingia mwaka wa nane, kona moja imeshikwa kwa gundi ya karatasi. Betri yake ilishakufa zamani. Iliishi kwa waya, ukiuchomoa tu nayo inazima. Ndani yake mlikuwa na mwongozo wa wakunga, kurasa mia tatu na arobaini, pamoja na michoro aliyoichora mwenyewe kwa miaka miwili. Kamati ya chuo ya kupitisha vitabu ilikutana mara moja tu kwa mwaka, na safari hii ilikuwa Alhamisi. Wapiga chapa walikuwa wamemwambia kwamba programu yao ya kupanga kurasa haielewani na mfumo wa zamani, sharti ausasishe. Nakala yake kwenye flashi ilikuwa ya miezi mitano nyuma. Kila wiki alijiambia atanakili kesho, na kesho haina mwisho.

Akabonyeza kukubali. Asilimia zikaanza kupanda kwa mwendo wa kobe. Zilipofika sitini na moja akapigiwa simu kutoka kazini, mwanafunzi kaanguka. Akainamisha mfuniko kidogo ili vumbi lisiingie, akachukua mkoba. "Natoka mara moja, mama," akasema. Hakusema zaidi, na ni kosa la watu wote wanaodhani mashine zao zinajieleza.

Baada ya saa moja mama akataka sabuni. Akapiga doria yake. Chumbani kwa binti aliikuta kompyuta imejiinamia, kimya, haifanyi lolote la kuonekana. Akachomoa. Aliporudi na sabuni yake akauona ule waya sakafuni, akaikumbuka ile nyama. Akairudisha plagi ukutani, akaulaza waya vile vile ulivyokuwa umejikunja, akatoka akifuta mikono kwenye khanga ingawa haikuwa na maji.

Binti aliporudi alikuta kioo cheusi chenye herufi nyeupe: mfumo umeshindwa kuanza. Akazima, akawasha. Nembo ikatokea, vidoti vikazunguka, kisha herufi zile zile.

"Mama, umegusa kitu huku?"

"Mimi? Nilikwenda dukani."

Kweli alikwenda dukani, na risiti ya sabuni anayo. Hakuna neno la uongo hapo, ila jibu zima lilikuwa uongo.

Jumapili yote ikaishia kwenye simu. Fundi wa kompyuta alikuwa na kibanda nyuma ya duka la viatu, na sauti yake ilijaza chumba. "Shika kitufe cha kuwashia, hesabu kumi, achia. Washa. Ukiona nembo tu, zima. Rudia mara tatu." Mara ya tatu ukaja ukurasa wa buluu wenye neno la ukarabati, na binti akapiga makofi ya furaha. Nusu saa baadaye mashine ikajibu kwamba haikuweza kukarabati.

"Nijaribu tena?"

"Usijaribu! Iache kwanza. Niambie, umeme ulikatika hapo?"

Binti akachungulia dirishani akamuuliza jirani. Haukukatika hata dakika. Friji yenyewe ilikuwa inanguruma, nyama imeganda kama mawe. Jikoni mama alikuwa anachambua maharage, yale yale, kwa mara ya tatu.

"Ni mimi," binti alisema baada ya kukata simu. "Uzembe wangu. Ningenakili ile wiki ya kwanza, nisingekuwa hapa." Akafunika uso. Mama akamletea chai, ikapoa, akaibadilisha, nayo ikapoa. Mara mbili alifungua mdomo. Mara mbili akamwona akilini mkwe wake akimwambia apumzike.

Jumatatu mama alisema atamsindikiza kwa fundi. Binti hakuwa na nguvu ya kuuliza kwa nini.

Kibandani mlikuwa na mashine zimepangwa kama wagonjwa foleni, kila moja na karatasi ya jina la mwenyewe. Skrubu zilikaa kwenye vifuniko vya soda, na mswaki wa zamani ulikuwa wa kusugulia vumbi. Fundi aliiwasha laptopu kwa flashi yake mwenyewe, akaipima diski, akakunja uso.

"Kipimo hakisemi mzima, hakisemi mgonjwa," alisema. "Lakini umri mnauona. Na kama umeme haukukatika, basi diski ndiyo iliyochoka, ikafia njiani. Diski ikiwa hivyo, kila ukiiwasha unaimaliza. Mimi siigusi. Naitoa, naipeleka kwa wenye mitambo ya kuokoa data. Wiki tatu, na siahidi."

"Na Alhamisi?"

"Alhamisi isahau, dada yangu." Akaigeuza laptopu tumbo juu, akachukua bisibisi. "Ingekuwa waya umechomoka tu, hapo ningeurudisha mfumo wa zamani kwa saa mbili, kitabu chako salama. Lakini nikilijaribu hilo kwenye diski inayokufa, nimeizika. Ndiyo shida ya hizi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mashine haijui kusema inaumwa wapi."

Chini ya laptopu palikuwa na skrubu kumi. Ya kwanza ikatoka, ikalia ndani ya kifuniko.

Mama alizihesabu. Miaka ishirini na sita nyuma, asubuhi kama hiyo, alitoka alfajiri kwenda sokoni akamwacha binti wa miaka kumi na mmoja anapiga pasi sare ya shule. Umeme ukakatika pasi ikiwa kwenye kola. Mtoto akaiacha pale pale, akavaa sare nyingine, akaenda shule akiwa amechelewa. Umeme uliporudi hapakuwa na mtu. Mama alikuta majirani wanamwaga maji juu ya vitu ambavyo havikuwa tena vitu, na pasi iko chini, waya wake bado ukutani. Kabla mtu hajauliza alisema, "Ni mimi. Nilirudi kupiga pasi gauni langu, nikasahau." Mumewe aliishi miaka sita baada ya hapo, na haikupita wiki bila kumkumbusha. Mtoto alikua akijua mama yake ndiye aliyeunguza nyumba. Hakuwahi kuambiwa vingine, na mama hakuwahi kujuta, ila tangu siku hiyo mikono yake haikuweza kupita plagi ikaiacha.

Skrubu ya saba. Ya nane.

"Nilichomoa mimi," alisema.

Fundi akasimamisha bisibisi. Binti akageuka taratibu.

"Jumamosi. Kisha nikarudisha. Umeme haukukatika, niliukata mimi."

Fundi, mtu mwenye adabu zake, akatazama vifuniko vyake vya soda. Kisha akaanza kuzirudisha skrubu, moja moja, haraka. "Basi tusichelewe," akasema. "Mama umetuokoa." Yeye peke yake ndiye aliyeona hivyo.

Saa mbili na dakika kumi baadaye mfumo wa zamani ulifunguka na picha yake ile ile ya ua la njano, na kitabu kilikuwemo, kurasa zote. Binti alikinakili kwenye flashi tatu. Fundi akasema kurasa atazipanga kwenye mashine yake mwenyewe, hii ya zamani iachwe izeeke kwa amani.

Wakarudi nyumbani. Mlangoni binti akasimama, ufunguo mkononi.

"Nilikuuliza, mama. Nilikuuliza, ukaniangalia usoni."

"Niliogopa."

"Uliniacha najilaumu siku mbili!" Sauti ilimpanda, na yaliyofuata angeyarudisha kama angeweza. "Nyumba moja uliiunguza kwa kusahau kuchomoa, tukakusamehe. Hii nyingine utaimaliza kwa kuchomoa. Kaka atakuja kukuchukua mwisho wa mwezi."

Iliuma. Iliuma mpaka akashika ukuta. Jibu lilikuwa pale mdomoni, fupi, la maneno matatu tu, na lilikuwa limekaa hapo miaka ishirini na sita. Akalimeza.

"Sawa, mwanangu. Na kuanzia leo sigusi plagi yoyote humu ndani."

Alitimiza. Jumanne redio ililala ikiwa ukutani, Jumatano feni, na yeye akalala macho wazi. Binti aliona macho mekundu akadhani ni kununa. Begi lilikuwa limeshashushwa kutoka juu ya kabati.

Alhamisi asubuhi binti alikuwa mbio. Kitabu kilichopangwa na fundi kilikuwa kwenye bahasha, teksi inapiga honi nje, na yeye anapiga pasi mkono wa mwisho wa blauzi. Simu ikalia, ni chuoni, kamati itaanza nusu saa mapema. Akaivaa blauzi ikiwa bado ya moto, akanyakua bahasha, akatoka.

Mama alisikia harufu akiwa jikoni. Alipofika sebuleni pasi ilikuwa imelala kifudifudi juu ya kitambaa cha kupigia pasi, taa yake nyekundu inawaka. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye plagi. Akaurudisha. Aliahidi. Akaenda dirishani, na magoti yakampeleka bila kulalamika.

"Rudi! Umesahau kitu!"

"Nini tena, mama? Nimechelewa!"

"Rudi uone mwenyewe."

Binti aliingia akihema, mdomo tayari kwa maneno, akaiona pasi. Akairukia, akaiinua, akaichomoa. Kwenye kitambaa palibaki alama ya kahawia, umbo zima la pasi, ukingo wake bado unafuka moshi. Nje dereva akapiga honi.

Binti hakuisikia. Aliitazama ile alama muda mrefu, na waya ukining'inia mkononi mwake.

"Mama," alisema, na sauti ilikuwa ya mtoto. "Siku ile nyumba ilipoungua. Mimi ndiye niliyekuwa napiga pasi. Nilikuwa kwenye kola."

Mama akakikunja kile kitambaa, alama ikaingia ndani.

"Nenda, mwanangu. Kamati inakusubiri."

"Ulisema ni wewe. Baba alikuwa akikutukana, na mimi nimekaa pale pale nasikia."

"Nenda, utachelewa."

Honi ikalia tena, ndefu. Binti alikuwa bado amesimama katikati ya sebule, plagi mkononi, analia.