Chemchemi Ilipopambwa kwa Ajili Yangu

Kazi yangu inachekesha watu wa kwetu Mudzipela, mtaa wa Bunia. Napanda moto, pikipiki ya kazi, naenda vijijini, nauliza akina mama wanachota bidoni ngapi, yale madumu ya plastiki, kwa siku, kisha napima chemchemi yao inatoa ngapi. Jirani yangu anayeuza makaa haachi kuniuliza, "Ni kusema weye kazi yako ni kuangalia maji ikipita?" Namjibu ndiyo, na kuna siku hata hiyo inanishinda.

Siku moja ya kiangazi nilitumwa kwenye kijiji cha wafugaji, upande wa barabara ya Nyankunde. Ofisi ilikuwa na mabomba ya vijiji vichache tu, na orodha ilikuwa inafungwa jioni ile ile. Kijiji ambacho chemchemi yake inawatosha watu kingefutwa. Karatasi yangu ndiyo ingesema.

Nilipokelewa na mama mmoja mrefu, presidenti wa komite ya maji, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Alinipa chai ya maziwa, tukaanza kupita nyumba kwa nyumba.

"Mama, kwa siku munatumia bidoni ngapi?"

"Mbili tu, injenieri. Siye hatuna shida mingi."

Nyumba ya watoto tisa, mbili. Nyumba ambayo nguo za shule zilikuwa zimeanikwa ua mzima, mbili vilevile. Na ng'ombe? "Iko kidogo." Huko mtu hataji hesabu ya ng'ombe wake, hata umpige. Nami nikaandika mbili, mbili, kidogo, kama mjinga.

Tukashuka kwenye chemchemi. Nikatega ndoo chini ya bomba lao la zamani, nikawasha krono ya simu ihesabu sekunde. Lo! Maji yalitoka kwa kishindo, ndoo ikajaa kabla sijakaa vizuri. Nikarudia mara tatu, hali ni ile ile. Nikapiga hesabu juu ya goti na kufurahi moyoni: saa nne ya asubuhi, kazi imekwisha, nitakula samaki mjini.

"Pongezi, mama," nikamwambia. "Maji yenu inatosha, inabaki. Mabomba itaenda kwa wengine."

Alikuwa anatabasamu. Tabasamu likakatika, akakaa juu ya jiwe kwa uzito.

"Futa," alisema.

"Sifuti. Hesabu ni hesabu."

Nikageuka kuchukua ndoo niliyokuwa nimeiacha chini ya bomba. Haikuwa imefika hata nusu. Maji yalikuwa yamepungua na kuwa uzi, kisha matone. Nikapanda nyuma ya bomba, na huko nikaona yote: migomba imelazwa, udongo umeshindiliwa, ukuta mzima. Tangu jana mchana walikuwa wameziba maji yakae mengi, yamwagike nikifika, na hakuna mwanamke aliyeruhusiwa kuchota. Watoto walikuwa wameenda shule bila kunawa uso.

Hasira zangu ziko karibu, sifichi. Nilipiga kelele mpaka ndege wakaruka. "Munanidanganya! Nimekula vumbi kutoka Bunia mpaka hapa, munaniwekea uongo ndani ya ndoo?"

Mama naye akasimama. "Uongo? Mugeni akikuja kwako, unamupakulia mu sahani yenye kuvunjika? Tulisema, akikuta maji mazuri, atasema hawa watu wanajua kutunza, wapewe!"

Nikaanza kucheka, naye akacheka huku machozi yanamtoka, na hasira ikaisha hivyo.

Tukabomoa ukuta. Tukangoja maji yarudi katika mwendo wake, kisha nikapima upya. Ndoo moja, niliimba wimbo wa kanisani beti zote, na bado haikujaa. Halafu nikakaa kando ya njia na beseni. Kila aliyepita na bidoni alitupa punje ya mahindi ndani yake. Nilishinda hapo mpaka jua likaegemea upande, na punje hazikuwa mbili mbili, ah wapi! Baadaye nikaondoa kiasi fulani kwa ajili ya kiu ya jana, walipokatazwa kuchota, maana sikutaka tena kudanganywa, hata na mimi mwenyewe.

Ng'ombe walipokuja kunywa, mama aligeuza mgongo akaangalia mlima. Nikaelewa. Nilihesabu haraka, kimya, na alipogeuka hakuniuliza nimepata wangapi.

Akina mama walikusanyika nikawasomea. Maji ya chemchemi hayakufika nusu ya mahitaji yao. Kutamka jambo kama hilo mbele ya mgeni ni kama kuvuliwa nguo, na niliwaonea huruma kweli.

"Soma tena," mama alisema.

"Maji haitoshi, mama."

"Basi andika hivyo. Andika na watoto wanalala bila kunawa miguu." Akachukua kalamu, akasaini polepole, herufi kwa herufi.

Niliposema kwamba kwa karatasi hiyo kijiji kinabaki kwenye orodha, vigelegele vililipuka. Sijawahi kuona watu wakifurahi hivyo kwa kukosa maji. Mmoja alicheza na bidoni tupu kichwani, nami nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Kabla sijapanda moto waliniletea kuku na ugali. Mama mwenyewe alikuja na beseni na jagi limejaa mpaka ukingoni, akaanza kuninawisha. Alimwaga, akamwaga.

"Mama, kidogo tu!" nilisema. "Siye tumetoka kuhesabu!"

"Mu karatasi umeshatuandika kama maji haitoshi," alisema bila kusimamisha jagi. "Hapa kwangu uko mugeni. Leta na mukono ingine."